Mgeni Aliyekataa Kula

Mume wangu alimleta chatu nyumbani kwa pantoni kutoka Sengerema, ndani ya tenga la kubebea kuku lililozibwa mdomo kwa gunia. Alikaa nalo miguuni njia nzima na hakuna abiria aliyemuuliza kitu, maana tenga ni tenga, na mtu aliyevaa koti la kiwandani hakuna anayemdhania nyoka. Asubuhi aliondoka na baiskeli yake, jioni akarudi bila baiskeli. Ndivyo nilivyojua kwamba wameelewana na aliyekuwa akimuuza.

Sikushangaa kuletewa chatu. Nilijishangaa mimi mwenyewe kwamba nilikubali. Nimezaliwa visiwani, na kwetu nyoka akionekana uani watu huitana kwa marungu. Mume wangu yeye ni Msukuma wa ndani kabisa. Ujanani, kabla hajaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo kule Nyakato, alikuwa katika kundi la wacheza nyoka, wale wanaoingia uwanjani baada ya mavuno wakiwa na chatu shingoni, wakishindana na kundi jingine nani atavuta watazamaji wengi zaidi. Nilipoolewa naye alikuwa ameshaacha. Kiwanda kilimpa ovaroli, zamu na nyumba, na nyoka wakabaki hadithi ya kuchangamshia wageni.

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Mitumba ikajaa masokoni, vitenge vya kiwanda vikakosa wanunuzi, na siku moja wafanyakazi wakapunguzwa, yeye akiwamo. Neno hilo lilinichoma. Kupunguzwa, utadhani mtu ni unga uliozidi kwenye kopo. Tukahama nyumba za kiwanda, tukapanga vyumba viwili mlimani, kwenye mawe, mahali ambapo ukuta wa nyuma wa jiko langu ulikuwa jiwe lenyewe. Binti yetu wa pekee alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo tulibaki wawili. Mimi nikaanza kukaanga mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vya samaki vikishatoa minofu ya kupeleka Ulaya. Nilikuwa nauza kando ya barabara, na jioni narudi nikinuka mafuta na samaki.

Yeye alikaa nyumbani. Hakulewa, hakugomba, hakumlaumu mtu. Aliacha kula tu. Anamega matonge mawili, anasukuma sahani, anasema, nimeshiba mama. Huyu ni mtu ambaye akitoka zamu ya usiku alikuwa anamaliza ugali wa watu watatu na kuuliza kama kuna ukoko. Nilimwona anakwisha mbele ya macho yangu. Suruali zake alianza kuzifunga kwa kamba ya katani, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nitakuwa mjane kwa ugonjwa usio na jina.

Basi ukaja ujumbe kutoka kundi lake la zamani. Walikuwa wanamtaka tena kwa msimu unaofuata, na walisikia kuna mjane Sengerema anayeuza chatu mchanga aliyeachwa na marehemu mumewe. Aliniambia habari hizo tukiwa mezani. Aliongea huku anakula, akamaliza sahani nzima bila mwenyewe kujua. Nilitazama sahani ile nyeupe nikasema, mlete. Siku ile angeniomba mamba ningemwambia vilevile.

Yule mjane sikuwahi kumwona. Kwa maelezo ya mume wangu alikuwa mama mkavu, asiyetabasamu, na hakumwachia nyoka mpaka mume wangu aliporudia masharti yote kwa mdomo wake mwenyewe. Nyoka akifika mahali pageni hapewi chakula. Aachwe wiki nzima au zaidi, penye giza na joto, awe na maji, asishikwe wala kuchunguliwa. Siku ya kumlisha apewe panya aliyekwisha kufa, kwa sababu panya mzima akiachwa na nyoka asiye na njaa humtafuna nyoka. Panya mwenyewe asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Apelekewe kwa ufito mrefu, kamwe si kwa mkono, na alishwe kwenye chombo kingine, si pale anapolala, asije akazoea kwamba kila kifuniko kikifunguka ni chakula kimekuja. Mlishaji anawe mikono kabla na baada. Akishakula asiguswe mpaka ule uvimbe tumboni uishe, la sivyo atatapika.

Mwisho alimwambia, "Msimkaribishe. Mkimkaribisha mtamuua."

Mume wangu alinirudishia yote hayo, na mimi nikayaona kama masharti ya kumpokea adui. Tuliyaelewa, tukayakubali, tukafanya kinyume chake. Haukuwa ubishi. Hatukuweza tu. Mtu akiingia kwako unampa maji, unampa kiti, unainjika sufuria, na humuulizi kama ana njaa kwa sababu kuuliza ni kumnyima. Sasa mgeni aliyevuka maji kutoka Sengerema, aliyegharimu baiskeli, anyimwe chakula wiki nzima na kugeuziwa mgongo? Hata mimi niliyekuwa namwogopa niliona hiyo ni aibu.

Na hata kama tungeweza sisi wawili, wifi yangu asingeweza. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Habari zilimfikia kijijini haraka kuliko barua. Alishuka basi Nyegezi na kuku kwapani, na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, akapanda mlima wetu bila kupumzika. Nikampokea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa haraka akiniuliza mgeni yuko wapi. Alipoonyeshwa tenga alipiga magoti chini, akasema taratibu, "Mwangaluka, baba." Ndiyo salamu ya asubuhi kwa Kisukuma, na aliitoa kwa heshima yote, macho chini. Kwao chatu si wa kupigwa marungu. Chatu akiingia boma huamkiwa na kuwekewa maziwa.

Tulifungua gunia. Nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuzidi unene wa kifundo cha mkono wangu, wa rangi ya udongo na mabaka meusi, amejikunja na kuficha kichwa katikati ya mwili wake mwenyewe. Wifi alimwekea maziwa. Hakuyagusa. Tukamwekea mayai aliyoleta jirani, hakuyagusa. Tukamchinja kuku wa wifi, tukamweka mzima mzima na manyoya yake mbele ya kiumbe ambaye asingeweza kummeza hata angevutwa na watu wanne. Chatu alizidi kujikunja. Majirani walijaa chumbani, wengine wamekaa chini, wengine wamesimama mlangoni, wote wanamngoja ale, na kila asipokula ndivyo walivyozidi kusogea karibu ili kumtia moyo.

Wifi akatoa hukumu kwamba mgeni haachwi peke yake na chakula. Mwenyeji hukaa naye, na wala hatangulii kula. Mume wangu akainama kidogo akasema hayo ni kweli. Akavuta kigoda hadi kwenye tenga, akaweka sahani yake sakafuni, akasema hataweza kula mgeni wake hajala.

Kuanzia hapo nikawa na watu wawili wasiokula katika nyumba moja.

Lazima niseme ukweli kuhusu roho yangu. Sikumpenda yule chatu hata chembe. Lakini mtu kuingia kwangu akakaa siku nenda rudi bila kuonja kitu, hilo lilinikera sana. Nimelisha watu wa kiwandani, nimelisha wakwe, nimelisha wanakwaya wa kanisa letu walipokuja bila taarifa, na hakuna aliyewahi kuondoka na njaa. Majirani wakaanza kuulizana chinichini kama labda ni mikono yangu, au harufu ya mapanki, au kuna neno katika ile nyumba. Nikawa naosha vyombo mara mbili. Nikawa nanuna nikipita karibu na tenga, nikimwambia moyoni kwamba kama hukutaka kula si ungebaki kwenu.

Siku moja tulichinja kuku mwingine kwa ajili ya wageni walioendelea kuja. Mume wangu alinisaidia kunyonyoa, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda kumwekea chatu bakuli la maji vizuri. Nilisikia kishindo kidogo tu. Nilipofika mlangoni chatu alikuwa ameuma mkono wake na kujizungusha kwenye kiganja, na damu ilikuwa inatiririka hadi kwenye kiwiko. Nilirukia kumvuta. Mume wangu akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Usivute, meno yake yamepinda kwa ndani. Lete ndoo ya maji baridi." Nikaileta, akazamisha mkono na nyoka pamoja, akangoja. Chatu aliachia mwenyewe. Chatu hana sumu, lakini ana meno mengi kama sindano, na mkono ulihitaji sabuni, maji ya chumvi na safari ya zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda.

Nilipokuwa naufunga kitambaa nilimwona anacheka. Nilidhani amechanganyikiwa. Akaninusisha kile kiganja akasema nyoka hana kosa, mimi ndiye nanuka kuku. Ulikuwa muda mrefu sijasikia kicheko kile, nikacheka pamoja naye huku machozi yananitoka. Nikajua kumbe mume wangu bado yumo humo ndani. Jioni ile nikampakulia kwa furaha, samaki mbichi wa nazi aliyekuwa anampenda, nikakaa mbele yake nikamtazama. Alimega tonge moja. Akatazama tenga, akatazama sahani, akasema mgeni bado.

Majuma yakapita. Wifi alishaanza kusema mgeni amekasirika, na kwamba itabidi apatikane mbuzi. Mimi niliona jambo moja tu. Chatu akifa, kundi la ngoma litatafuta mtu mwingine, na mume wangu atarudi kitandani asiamke tena. Kila mlo nilimbembeleza. Nilimsogezea minofu, nilimwondolea miiba, nilihesabu matonge kwa macho. Wifi naye alikuwa upande wa pili akimhimiza, kula mdogo wangu, kula. Tulikuwa tumemzunguka kama tulivyomzunguka chatu, lakini hilo sikuliona wakati ule.

Nililiona siku mvua iliponifukuza barabarani. Nilifunika karai langu, nikapanda mlima mapema kuliko kawaida yangu, nikapitia nyuma, kwenye upenyo kati ya mawe mawili unaotokea jikoni. Wifi alikuwa ameenda bombani. Mume wangu alikuwa jikoni peke yake, amesimama, amenipa mgongo. Alikuwa amekumbatia sufuria ya jana na anakwangua ukoko kwa vidole, anakula. Anakula haraka haraka, kwa njaa ya kweli, mabega yanapanda na kushuka. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi nikawa nimejificha kwenye jiwe, mvua inaninyeshea, karai kichwani.

Kwanza niliumia. Mke anapika, anabembeleza, anakesha na wasiwasi, kumbe mtu anakula kwa kujificha. Nilitaka kuingia nimuulize nimemkosea nini. Lakini mvua ile ilinipoza kichwa. Nikamfikiria yeye badala ya kujifikiria mimi. Tangu apunguzwe, kila mtu aliyekuja kwetu alikuja kumtazama. Walimpa pole kana kwamba amefiwa, kisha wakatazama anavyokula ili wakaseme anaendeleaje. Na mimi, mwenye ugali, mwenye mapanki yaliyonunua ugali, nilikuwa nakaa mbele yake nikifuata kila tonge kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Mwanamume aliyelisha nyumba hii miaka yote ile. Kile kiapo chake cha kumngoja mgeni kilimsitiri. Asiyekula kwa ajili ya mgeni ni mwungwana, ila asiyeweza kumeza kwa sababu anatazamwa akila jasho la mkewe, huyo hana pa kujificha isipokuwa jikoni.

Nikawaza na yule wa kwenye tenga, aliyeficha kichwa katikati ya mwili wake. Msimkaribishe, mjane alisema.

Kazi ikawa wifi. Utamwondoaje dada mkubwa wa mumeo, aliyekuja kwa upendo na kibuyu cha maziwa? Ukimwambia ondoka ili nyoka ale, umeivunja ndoa yako na ukoo mzima. Nilizunguka na jambo hilo kutwa nzima. Kesho yake tulikuwa tunachambua mboga pamoja, nikamwambia wifi, nafikiri tumekosea. Akaniuliza kosa gani. Nikamwambia tumempokea huyu kama mgeni, lakini si mgeni.

"Ni nani basi?"

"Ni mkwe, wifi. Mkwe hali mbele ya mama mkwe."

Aliacha mboga. Kwao, kama kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawali wakionana. Chakula hupelekwa chumbani, mlango hurudishwa, na wakubwa hujitafutia shughuli mbali, hata kama hawana shughuli. Ni heshima, na hakuna anayehitaji kuelezwa. Wifi alinitazama, kisha akapiga makofi polepole, akasema maskini, tumemkalia mkwe siku zote hizi. Siku iliyofuata alifunga kanga zake akaondoka mwenyewe, bila kinyongo, na njiani akawaambia majirani wote wa mlimani kwamba hakuna ruhusa ya kuchungulia, mkwe ana haya.

Mume wangu nilimwambia kidogo tu. Nilisema tufuate masharti ya yule mjane, akakubali bila kuuliza. Tulimhamishia chatu kwenye sanduku la mbao lenye matundu, tukaliweka chumba cha stoo nilimokuwa naweka mkaa, tukalifunika na kipande cha blanketi. Kila jioni mume wangu aliingiza jiwe lililoshinda juani, amelifunga gunia ili lisimchome, akabadilisha maji, akatoka. Hatukuchungulia. Mimi ndiye niliyepata shida, maana nikipita pale mkono wangu ulikuwa unawasha kuinua blanketi.

Ilipopita zaidi ya wiki alitafuta panya. Aliomba kwa fundi cherehani aliyekuwa anatega kwa mtego, akahakikisha mara mbili kwamba nyumba ile hawajaweka sumu, kwa sababu sumu ya panya humfikia na anayemla panya. Alichagua wa saizi ya kati. Alimfunga kwenye mfuko wa nailoni akamweka kwenye maji ya moto mpaka akapata joto, maana chatu hutambua windo kwa joto lake kabla ya kuliona kwa macho. Aliosha mikono kwa sabuni hadi viwiko, akanifanya na mimi ninawe ingawa sikuwa na kazi ya kushika kitu. Kisha akalifungua sanduku, akamgusa chatu shingoni kwa ncha ya ufito, polepole, kumjulisha kwamba hiki si chakula, akamwinua na kumhamishia kwenye pipa la bati. Panya akamshusha kwa ufito mwingine. Tukafunika pipa kwa wavu na jiwe juu, tukafunga mlango, tukatoka wote wawili.

Tulishuka hadi ufukweni. Hatukuwa na la kufanya huko. Tulikaa juu ya mwamba tukatazama watoto wanaogelea na akina mama wanaanika dagaa, na hakuna aliyetaja nyoka. Aliniuliza kuhusu biashara ya mapanki, swali ambalo hajawahi kuniuliza, nikamweleza jinsi mafuta yanavyoungua ukiyarudia. Akasikiliza kwa makini kama msimamizi wa zamu.

Tuliporudi aliingia peke yake. Nilisimama mlangoni nimeshika kitasa. Alipotoka alikuwa ametulia. Alisema panya hayupo. Alisema uvimbe uko hapa, akajigusa tumboni kuonyesha, akasema asiguswe na mtu yeyote mpaka ushuke. Nikasema hakuna atakayemgusa. Nikageuka jikoni haraka kwa sababu sikutaka anione ninavyolia kwa ajili ya nyoka.

Nilisonga ugali. Nilipakua sahani moja, nikaifunika na sahani nyingine, nikaiweka mezani na maji ya kunawa pembeni. Nikavaa kanga yangu ya kutokea, nikasema naenda kwa jirani mara moja, nitachelewa kidogo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Mama, usiende."

Nikasimama. Alikuwa ameinua sahani ya juu na mvuke unampanda usoni.

"Kaa," akasema. "Ila usinitazame."

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, bega kwa bega, nikageuza uso wangu kuelekea mlangoni. Nikamsikia anamega, anatafuna, anameza. Nikakaa hivyo hadi sauti ya vidole vyake ikafika chini ya sahani.